Usiniambie Nisitumie WiFi ya Bure

Wasee, kuna onyo moja haliishi mtandaoni: usiunganishe simu yako na WiFi ya umma. Anayeandika hivyo mara nyingi ana WiFi yake kwa nyumba. Sisi ambao video moja inameza bando ya siku nzima, anataka twende wapi?

Mimi siachi. Lakini nimelipia hilo somo.

Mwaka jana nilikuwa stage nikingoja mat, nikaona mtandao wenye jina karibu sawa na ule wa sokoni ninaoutumia kila siku. Nikajiunga. Ukurasa ukafunguka: weka barua pepe na paswadi yake, upewe dakika 30. Nikaweka. Kufikia jioni akaunti zangu zilikuwa zinaomba wafuasi pesa, na binamu yangu alikuwa ashatuma soo tano. Kuzirudisha kulinichukua wiki tatu.

Sikuibiwa kwa sababu WiFi ilikuwa ya bure. Niliibiwa kwa sababu kulikuwa na vitu viwili sikuvijua. Kwanza, jina la WiFi si kitambulisho. Mtu yeyote anaweza kuwasha hotspot ya simu yake na kuipa jina analotaka, hata la soko lenu. Pili, WiFi haihitaji paswadi ya barua pepe yako ndio ikupe intaneti. Ikiiomba, toka.

Mengine tunayotishiwa yamezidishwa. Jamaa wa meza ya pembeni hasomi chat zako za WhatsApp, kwa sababu zinafungwa kabla hazijatoka kwa simu. Na M-Pesa ya menyu ya laini au *334# haipiti kwa WiFi hata kidogo, inapita kwa mtandao wa simu.

Siku hizi kabla sijajiunga nauliza mwenye duka au askari wa mlangoni jina kamili la mtandao, herufi kwa herufi. Nikimaliza, naiambia simu iusahau, isije ikajiunga yenyewe na jina kama hilo mahali pengine. App ya benki naifungua kwa bando yangu.

Sasa serikali. Mlituahidi vituo 25,000 vya WiFi ya umma, na sisi tunavitaka. Basi wekeni kibao ukutani kwa kila kituo: jina kamili la mtandao ni hili, tunakuomba taarifa hizi, na sababu ni hii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inasema mtu aambiwe kwa nini taarifa zake zinachukuliwa. Kibao ni rangi na mbao tu.

Kumwambia kijana asiye na bando akae mbali na WiFi ya bure ni kumwambia akae nje ya mtandao. Tufunzeni kuitumia. Na binamu, ile soo tano nitakurudishia, nipe tu hadi mwisho wa mwezi.