Jina la Bandari Si Kwao Mtu

Wako ndugu zetu katika nchi za Ghuba ambao babu zao walizaliwa Afrika Mashariki, wakapelekwa huko utumwani. Leo atakaye kuitafuta asili yake anayo njia. Tangu mwaka 2014 Maktaba ya Dijiti ya Qatar imeweka katika intaneti, bila malipo, majalada ya Waingereza ya Maskati, Sharjah na Bahrain. Humo zimo taarifa za watumwa wa miaka ya 1920 na 1930 walioomba hati za uhuru.

Lakini mtu akikuta neno “Unguja” asiridhike! Soko la pale lilifungwa mwaka 1873, magendo yakaendelea. Na wengi waliopitia Unguja walitekwa bara, mbali na pwani. Tena Mubarak au Faraj mara nyingi ni jina alilopewa na bwana wake, nalo karani aliliandika kama alivyolisikia. Yampasa atafute kwa tahajia nyingi, asome taarifa yote, hasa habari za kutekwa na za wazazi.

Nasi huku, tukiulizwa habari za ukoo fulani, tusimdhanie mwulizaji kuwa amekuja kudai shamba.