Faida ya Roboti Haimo Kwenye Kikombe

Mfanyabiashara anayedhamini timu ya roboti ya shule hana budi kuuliza mtaji wake unakwenda wapi. Mashindano ya FIRST ya Marekani, yaliyoasisiwa na Dean Kamen mwaka 1989 na kuchezwa mara ya kwanza mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, yana jibu. Kila Januari hutangazwa mchezo mpya, na roboti ya mwaka uliopita hubaki stoo. Kihesabu, mali hiyo huchakaa kwa msimu mmoja.

Ndiyo maana tuzo ya juu kabisa, Impact Award, haitolewi kwa nguvu za roboti. Hupewa timu iliyotoka nje ya uzio wa shule, ikafundisha wadogo na kulea timu changa.

Wapo wadhamini wanaodai kikombe na jina lao ubavuni mwa roboti. Hesabu hiyo ni ya mnada. Hufungwa siku hiyo hiyo. Mdhamini makini adai mengine: watoto wangapi wamefundishwa, nani amebaki kuwafundisha wenzake, na mafundi wangapi wa kampuni wametoa muda wao. Hilo ndilo gawio. Fedha bila mlezi hununua vyuma tu.