Smita Patil Ana Somo kwa Askari

Askari wengi wa Mvara, na wa Arua na Koboko kwa jumla, wanaijua sinema ya Kihindi kwa nyimbo zake, ngumi zake na machozi yake. Zamu ikiisha, mtu huingia banda la video kupumzisha akili, na hilo si jambo la kulaumiwa. Lakini zipo filamu chache zisizo na mbwembwe, na katika hizo anaonekana mwanamke ambaye vijana wengi hawajapata kulisikia jina lake: Smita Patil. Anayemgundua leo hugundua papo hapo kwamba alifariki zamani, tena akiwa kijana. Tunaona ni vyema askari wetu wamfahamu, kwa kuwa kazi yake na kifo chake vyote vinawahusu.

Smita Patil alizaliwa Pune, India, mwaka 1955. Kabla ya kuingia katika filamu alikuwa msomaji wa habari wa televisheni mjini Bombay, ambao sasa huitwa Mumbai. Mwaka 1976 alicheza katika Manthan, filamu iliyogharimiwa na wakulima 500,000 wa Gujarat, kila mmoja akitoa rupia 2. Mara mbili alipewa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, kwa Bhumika na kwa Chakra. Mara nyingi aliigiza wanawake wa mashambani na wa vitongoji vya maskini, bila kuwapamba wala kuwadhalilisha.

Filamu zake mbili ni za kutazamwa na kila mwenye sare. Ya kwanza ni Ardh Satya ya mwaka 1983. Om Puri ni afisa mdogo wa polisi, na Smita ni mwalimu wa chuo ampendaye. Afisa huyo ni mwaminifu, lakini kila amkamatapo mhalifu mkubwa, wakubwa humwachia. Hasira yake inamgeukia mnyonge: anampiga mwizi mdogo mpaka anafia mikononi mwa polisi. Mwanamke yule anauona ukatili ukimwingia mtu ampendaye, naye anarudi nyuma. Wapo watakaosema filamu hiyo inawatukana polisi. Sisi hatukubali. Inaonyesha jinsi mtu mwema anavyoharibika, nayo inatuambia kwamba uonevu wa mkubwa haumpi mdogo ruhusa ya kumwonea mahabusu.

Ya pili ni Mirch Masala, iliyoonyeshwa mwaka 1987, baada ya kifo chake. Katika zama za ukoloni, mtoza kodi mwenye askari wake anamtaka mwanamke wa kijiji aitwaye Sonbai. Sonbai anakataa, anampiga kofi na kukimbilia kiwanda cha kusaga pilipili. Mlinzi mzee, Abu Mian, anafunga lango. Wakuu wa kijiji wanamsihi amtoe mwanamke mmoja ili kijiji kisalimike. Hafungui. Askari wanalivunja lango na kumwua.

Hapa West Nile kisa hicho si ngano. Mwezi Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo na wanajeshi. Kwa hiyo raia wa hapa akimwona mtu mwenye bunduki mlangoni, hujiuliza kwanza amekuja kulinda au kuvunja. Jibu la swali hilo halitolewi kwa hotuba. Hutolewa na askari mmoja mmoja, kila siku ya kazi yake, kwenye kizuizi cha barabarani na kwenye chumba cha mahabusu.

Tumesema kifo chake pia kinawahusu. Smita Patil alijifungua mtoto wa kiume tarehe 28 Novemba 1986. Tarehe 13 Desemba alifariki kwa matatizo yaliyofuata uzazi, akiwa na umri wa miaka 31. Alikuwa mtu mashuhuri, katika mji mkubwa wenye hospitali kubwa, na bado hakupona. Nchini Uganda, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 336 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 189. Tumepiga hatua, lakini kila mmoja katika hesabu hiyo ni mama wa mtu.

Askari akipelekwa mbali, mke mja mzito hubaki peke yake katika nyumba za kambi. Basi kabla ya kuondoka, aweke akiba ya nauli ya hospitali na amkabidhi mkewe kwa jirani anayeaminika. Wakuu nao wahakikishe gari la kambi linapatikana usiku. Na mtoto akishazaliwa, hatari haijaisha: mama akipata homa, akitokwa na damu nyingi au akiumwa kichwa kikali, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojee mume arudi.