Simu pekee haitamtua kijana mzigo wa kisukari

KIJANA mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana siku ya mapumziko. Kwa kuwa kongosho lake halitengenezi insulini, sharti ajidunge sindano kila siku, apime sukari kwa kujitoboa kidole na akadirie kila tonge analotia kinywani. Hufanya hivyo siku ya mtihani, siku ya harusi ya dadake na hata siku anapougua malaria.

Kitanda usichokilalia, walisema wahenga, hujui kunguni wake. Wazazi na walimu wengi huiona sindano lakini hawauoni uchovu wa moyo unaoandamana nayo. Mnamo 1995, watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha orodha ya maswali ya kupima hofu, hasira, hatia na upweke unaomkumba mgonjwa wa kisukari. Wataalamu wanakubaliana kwamba hali hii si lazima iwe ugonjwa wa akili. Ni uchovu wa kuishi na maradhi yasiyompa mtu nafasi ya kupumua.

Madhara ya uchovu huo si haba. Kijana aliyekata tamaa huanza kuruka sindano au kuficha vipimo ili asikemewe. Insulini ikikosekana, damu huingiwa na asidi, na asipowahishwa hospitalini anaweza kufariki. Kwa hivyo, katika maradhi haya, suala la moyo ni suala la uhai.

Ndipo lilipochipuka wazo la kuwafikishia vijana ushauri nasaha kupitia simu za kisasa. Zipo programu zinazomuuliza mgonjwa anajihisi vipi, zinazomfunza namna ya kutuliza wasiwasi, na zinazomkutanisha na wenzake au na mshauri aliye mbali. Katika nchi kama Kenya, ambako wanasaikolojia ni wachache na wengi wao wamo mijini, wazo hili linavutia. Taifa lililozoea kutuma pesa kwa simu tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007 halitashangaa kupokea faraja kwa njia iyo hiyo.

Hata hivyo, kabla ya kushangilia, yafaa tujifunze kutoka Dundee, Scotland. Madaktari wa huko waliwatumia vijana wenye kisukari arafa za kuwakumbusha na kuwatia moyo, katika mpango ulioitwa Sweet Talk. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 2006, yalihusu wagonjwa 92 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Waliopokea arafa walijiamini zaidi katika kuyakabili maradhi yao, na asilimia 90 walitaka kuendelea kuzipokea.

Lakini sukari ilisemaje? Miongoni mwa waliobaki na matibabu ya kawaida, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kadhaa kilikuwa asilimia 10.3 kwa wasiopokea arafa na 10.1 kwa waliozipokea. Tofauti hiyo si kitu. Kilishuka hadi 9.2 kwa wale waliopewa arafa pamoja na utaratibu bora zaidi wa insulini. Funzo ni dhahiri shahiri: maneno mema humwinua mgonjwa, ila hayawezi kushika nafasi ya dawa. Kijana ambaye mzazi wake hana pesa za vijiti vya kupimia sukari hatafaidika kwa kuambiwa na simu avute pumzi na kutulia.

La pili ni shule. Wengi wa vijana tunaowazungumzia ni wanafunzi, na shule nyingi za upili, hasa za bweni, haziwaruhusu kuwa na simu. Msaada uliomo ndani ya simu iliyofungiwa nyumbani kwa miezi mitatu ni sawa na maji yaliyo ng'ambo ya mto usiovukika. Si lazima marufuku hiyo iondolewe. Yatosha matroni au mwalimu mmoja apewe mafunzo, akabidhiwe simu ya kazi hiyo, na mwanafunzi awe na saa yake maalumu ya kuzungumza faraghani na mshauri wake.

La tatu ni usiri na uthabiti. Mnamo 2023, serikali ya Marekani iliitoza kampuni ya BetterHelp, inayotoa ushauri nasaha mtandaoni, dola milioni 7.8 kwa madai ya kuzigawia kampuni za matangazo habari za wateja wake. Nayo programu ya Woebot, iliyozungumza na watu kuhusu mafadhaiko yao, ilifungwa Juni 30, 2025. Kijana aliyeizoea sauti hiyo alibaki bila wa kusema naye. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, inayozihesabu habari za afya kuwa nyeti. Kilichosalia ni kuitekeleza kabla programu za kigeni hazijafurika humu.

Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Iwapo pendekezo hilo lina uzito, serikali za kaunti zianzie katika kliniki za kisukari: kila kijana aulizwe kuhusu moyo wake kama anavyoulizwa kuhusu sukari yake, na awepo mhudumu anayefahamika atakayeendeleza mazungumzo hayo kwa simu, hata kwa arafa tu, siku zilizo kati ya kliniki moja na nyingine.

Simu ni daraja zuri, na haina haja ya kuwa ghali. Ila daraja huhitaji ng'ambo ya kufikia. Upande wa pili pasipokuwa na insulini, wala mtu wa kuitikia, tutakuwa tumemwongezea kijana huyu kifaa kingine cha kukumbuka kukitia moto kila jioni.