TUSIWACHOME NYUKI

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Sisi vijana wa Kitui siku hizi tunawafuata na kiberiti na chupa ya petroli, kisha tunashangaa eti asali imekuwa ghali sokoni!

Muhula uliopita kundi la nyuki lilitua kwenye mwembe nyuma ya maabara. Kabla ya kengele ya mapumziko wote walikuwa majivu, na waliowachoma wakapigiwa makofi. Jamani! Kundi linalohama halina masega wala watoto wa kulinda. Huning'inia tawini likingoja wapelelezi wake walete habari za makao mapya, na mara nyingi huondoka lenyewe baada ya siku moja mbili. Ilitosha sisi kukaa mbali na kumwita mzee mmoja aje jioni na mzinga mtupu. Wazee hao tunao. Wakamba wamefuga nyuki kwenye mizinga ya magogo tangu enzi za mababu, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuwauliza neno? Katika Biolojia tunachora ua na sehemu zake zote, halafu tunamwua anayebeba chavua.

Kuna wanaosema kwamba asiyekula asali hana hasara. Si kweli. Mahindi huchavushwa na upepo, sawa, lakini tikitimaji na malenge huhitaji wadudu. Mkulima anayenyunyizia dawa saa nne asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wamejaa, anajiibia mwenyewe. Kwani angengoja jioni wakisharudi nyumbani angepungukiwa na nini?

Kwa maoni yangu, adui mkubwa zaidi ni makaa. Mgunga ambao nyuki hutegemea maua yake ndio huo huo wenye makaa mazuri. Mnamo Januari 2018 serikali ya kaunti yetu ilipiga marufuku biashara hiyo. Naiunga mkono, ila amri haijazi sufuria. Mzazi anayedaiwa karo ataukata mti usiku. Lakini akiwa na mizinga mitatu juu ya mgunga huo, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumfukuza mwenye shoka. Gunia la makaa huuzwa mara moja tu, ilhali mti ulioachwa huchanua tena na tena.

Basi nawaomba walimu wetu, Siku ya Wazazi ijayo mzee mmoja mfugaji apewe nusu saa atufundishe. Hotuba moja ya wageni waheshimiwa ikipunguzwa sidhani kuna atakayelia! Tena tupande migunga kando ya seng'enge ya nyuma, pale miti ilipokatwa kuwa kuni za jikoni. Ni mbali na madarasa, na hilo ni muhimu kwa sababu wapo wenzetu wanaougua vibaya wakiumwa na nyuki. Mbegu hatununui. Zimejaa chini ya miti huko njiani tunakopita kila asubuhi, na zikimwagiwa maji moto na kulala humo usiku mmoja, huota upesi.