Mtoto wa Liyongo: Tumlaani au Tumhurumie?



Kila mwaka katika jarida hili tunaandika juu ya tabia njema. Leo mniwie radhi, nataka tuzungumze juu ya kijana aliyemuua baba yake.

Mnaosoma sekondari huenda mmekutana naye kwenye somo la Kiswahili, ila hamkumtazama mara mbili, maana macho ya kila mtu humwangalia baba. Baba ni Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Lamu na mto Tana, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utendi mwaka 1913. Liyongo alikuwa pandikizi la mtu, haingii mkuki wala mshale. Kitu kimoja tu kingemuua: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Sultani wa Pate, ambaye masimulizi mengi humwita Daudi Mringwari, alimwogopa kwa ajili ya ufalme wake na alikwisha jaribu hila nyingi zikashindwa. Ndipo akamgeukia kijana wa Liyongo. Akamkirimu, akamwahidi kumwoza binti yake, kwa sharti kwamba akamwulize baba yake siri ya kifo chake. Kijana akaenda akauliza, akajibiwa. Akarudi Pate, akakabidhiwa sindano.

Katika darsa letu la vijana wakubwa hapa Themi niliwahi kuuliza: mnamwonaje huyu? Jibu lilitoka kwa pamoja, kama wanaitikia dua: "Amelaaniwa!" Kisha binti mmoja akanyoosha mkono akasema, "Ustadh, mbona Draco tunamwonea huruma?" Wenzake wakacheka, nami nikalazimika kuelezwa Draco ni nani.

Basi nawaeleza wazazi ambao nao hawamjui. Draco Malfoy ni kijana mkorofi katika hadithi za Harry Potter za Kiingereza, ambazo watoto wetu wengi wameziona kwenye filamu. (Mambo ya uchawi yaliyomo humo siyahalalishi, na hukumu yake mnaijua.) Katika kitabu cha sita, kilichotoka mwaka 2005, Draco anaamriwa na bwana wake mwovu amuue mwalimu mkuu wa shule, mzee Dumbledore, na akishindwa yeye na wazazi wake wamo hatarini. Anafika mbele ya mzee aliyekwisha dhoofika, asiye na silaha, na mkono wake unashindwa. Anaanza kuushusha. Anayeua ni mtu mwingine.

Swali la binti yule lilikuwa zuri kuliko jibu nililompa siku ile. Nimelifikiria tena, na naona mtoto wa Liyongo pia mkono wake ulishindwa. Usomeni utendi polepole. Hakufika akachoma. Alimvizia baba yake usingizini, zaidi ya mara moja, akaingiwa na hofu akarudi nyuma. Siku zikapita mpaka Pate wakamwandikia kumhimiza, kwamba mambo yote yako tayari na anayengojewa ni yeye. Kijana asiye na moyo hasubiri kuandikiwa barua. Ile hofu ilikuwa ni nafsi inayomlaumu, ambayo Mwenyezi Mungu ameiapia katika Surat al-Qiyama. Ilikuwa hai ndani yake, na ilimshika mkono kweli.

Lakini hapa natofautiana na wanaosema basi tumhurumie yaishe. Kuona vibaya si toba. Katika habari ya watoto wawili wa Nabii Adam (a.s.), Qur'ani inatuonyesha kwamba nafsi ya yule muuaji ilimrahisishia kumuua ndugu yake. Maana yake hapo mwanzo lilikuwa zito, na yeye akakaa nalo mpaka likawa jepesi. Mtoto wa Liyongo alipewa siku, na kila siku akaitumia kuzoea. Siku zote hizo alikula na baba yake, akalala nyumba moja naye, sindano akiwa nayo, na hakumwambia mtu.

Wapo watakaosema mtu akishatenda jambo kama hilo hana njia tena. Wamkumbuke Wahshi. Alikuwa mtumwa wa Jubayr bin Mut'im, naye aliahidiwa uhuru wake akimuua Hamza (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.). Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alijificha nyuma ya jiwe akamrushia Hamza mkuki, ukampata chini ya kitovu. Bwana wake alitimiza ahadi, tofauti na Sultani wa Pate, ambaye kijana wetu hakumwoa binti yake. Baadaye Wahshi alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe, akasilimu, akakubaliwa, ila akaombwa, kama anaweza, asimwonyeshe uso wake. Kisha katika vita vya Yamama alimpiga Musaylima, mtume wa uongo, kwa mkuki ule ule. Haya yamo katika Sahih al-Bukhari. Msamaha aliupata, na huzuni ya yule aliyefiwa na ami yake haikufutika. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na mimi sipendi tunapowafundisha watoto kimoja na kuficha cha pili.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Kila hadithi hii inaposimuliwa, laana humwangukia kijana. Sultani je? Yeye hakushika sindano. Alikaa barazani, akatoa ahadi na kuandika barua. Mkoa wetu unawajua masultani wa namna hiyo. Upande wa Arumeru bangi hulimwa milimani, na mirungi huvushwa kutoka mpakani, na mtu mzima mwenye gari habebi mfuko mwenyewe. Humwita kijana wa miaka kumi na mitano, akamnunulia chipsi na simu, akamwambia, "Peleka huu mzigo pale, halafu usimwambie baba." Kijana akikamatwa, mtaa mzima unajua jina lake na shule yake. La aliyemtuma hulisikii.

Na baba je? Hili mtaniwia radhi, maana Liyongo tunamheshimu. Mtoto alipomwuliza, "Baba, ni kitu gani kinaweza kukuua?", Liyongo alitambua. Utendi unaonyesha kwamba alishuku kuwa kijana ametumwa, akamwambia wanakudanganya, ahadi zao hutazipata, utakuja kuteseka. Kisha akamtajia siri. Wengine husifu ujasiri huo. Mimi ni mwalimu wa watoto, na kila nikifika hapo nasimama. Umemjua mwanao ametumwa, umemwonya kwa maneno mazuri kabisa, halafu umemwacha aondoke na jibu! Hakumshika mkono kumwuliza amekutana na nani, lini, na anamwogopa nani. Wazazi wengi wa hapa kwetu huonya vizuri sana. Wanaokaa chini na mtoto mpaka aseme ni wachache.

Liyongo alipochomwa aliamka, akachukua upinde wake, akaenda kisimani akapiga goti, mshale umetegwa, akafa vivyo hivyo. Watu kwa siku kadhaa hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai, hata akaitwa mama yake aje amsihi. Mama huyu ndiye yule wa zamani, aliyemwokoa mwanawe gerezani kwa tupa aliyoificha ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wakala vyakula vizuri na wishwa wakaupitisha. Katika habari nzima, yeye ndiye aliyekwisha kuishinda hila ya Sultani. Siku zote zile kijana alipokuwa anakwenda na kurudi na sindano yake, bibi alikuwa hai, na utendi hauna ubeti unaosema mjukuu alipita kwake.

Wallahu a'alam.