TULIPE MADENI YA HOTELI NDOGO

Ndugu wafanya kazi,

Sisi watu wa reli twala katika hoteli ndogo za karibu na stesheni: chai na mandazi asubuhi, ugali na maharagwe mchana. Hoteli hizi zimepata taabu nyingi. Machi 2020 ilitoka amri ya kutotembea usiku, na chakula cha jioni kikakosa mlaji. Julai 2021 gesi ya kupikia ilitozwa kodi ya 16 kwa mia. Mwaka 2022 unga wa kilo 2 ulipita shilingi 200. Kodi ile ya gesi iliondolewa 2023, lakini mtaji uliokwisha kuliwa haurudi.

Wengine husema hayo si mambo ya chama. Sisi hatukubali. Mshahara ukichelewa, ni nani atupaye chakula kwa daftari? Ni mama wa hoteli. Lakini siku ya mshahara wako wenzetu ambao hupita njia nyingine. Mama yule hununua unga kwa fedha taslimu. Hawezi kupika deni.

Basi, ndugu, hoteli ilipwe kwanza, kabla ya bia. Tunaodai haki kwa tajiri, na sisi tutoe haki.